Harufu ya Pesa

Nilishuka Garden City, Kansas, alfajiri moja ya Februari mwaka 2008. Kabla sijauona mji nikaunusa: samadi, damu, na kitu kama mafuta yanayochemka. Nikaziba pua kwa shali. Binamu yangu aliyenitangulia akacheka. "Huku wanaiita harufu ya pesa, ndugu yangu. Utaizoea."

Watu wa huku, Kaunti ya Finney, hawahesabu miaka kwa marais. Wanahesabu kwa machinjio. Mzee wa Kivietnamu niliyepanga jirani naye alinieleza kwamba kila kitu kilianza Desemba 1980, IBP ilipofungua kiwanda chake cha nyama pale Holcomb, mwendo wa dakika chache tu kutoka mjini. Mwaka ule kaunti nzima ilikuwa na watu 23,825. Sensa iliyofuata ikakuta 33,070. Walikuja Wavietnamu, walikuja Wameksiko kwa maelfu, nyumba zikaisha, familia zikajibana kwenye matrela. Kufika mwaka 2000 kaunti ilikuwa na watu 40,523.

Kisha usiku wa Krismasi mwaka huohuo kiwanda cha pili, cha ConAgra, kikaungua. Kazi zipatazo 2,300 zikaenda na moshi. Mzee alikuwa mmoja wa waliozipoteza. Helmeti yake nyeupe ya kazini aliigeuza chungu, akapanda mchaichai, akauweka dirishani. Sensa ya 2010 ilipotoka na watu 36,776, alinionyesha gazeti kisha akakinyooshea kidole chungu kile, bila kusema neno.

Mimi kisu sikukiweza. Nilifungua duka la unga, maharage na kanga, kwa ajili ya Wasomali waliokuwa wanaingia na wachache wetu wa Kiswahili. Barabara ya kwenda kuchukua mzigo inavuka mto Arkansas, ambao pale ni mchanga mtupu. Maji yamekwisha kugawiwa mashamba ya juu. Mbele ya mahakama ya kaunti nilikuwa napita sanamu ya Buffalo Jones, mmoja wa waasisi wa mji. Bwana yule, nilikuja kujua, alikwenda Kenya mwaka 1910 kukamata simba kwa kamba ya kitanzi! Basi hatudaiani: yeye alifuata simba kwetu, mimi nikafuata ng'ombe kwao.

Oktoba 2016 walikamatwa wanaume watatu waliopanga kulipua majengo wanamoishi wateja wangu. Wiki ile mama mmoja alinunua mchele kilo ishirini badala ya tano, asilazimike kutoka tena. Nilidhani wangehama. Wachache walihama, wengi Jumatatu walikuwa zamu.

Fomu ya sensa ya 2020 niliijazia juu ya gunia la mchele: watu sita. Kaunti ilifika 38,470. Nilipomaliza, mzee aliazima kalamu yangu, akaandika yake: mtu mmoja.