Printa na Skana: Chombo Kimoja au Viwili?

Ndugu msomaji, siku hizi limeingia majumbani swali ambalo zamani liliwahusu makarani wa ofisini peke yao: je, familia inunue mashine moja inayochapa na kuskani kwa pamoja, au inunue printa mbali na skana mbali? Wako watakaosema kuwa hilo ni swali la wenye nacho. Mimi nakaa Terrat, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Arusha (wala si Terrat ile ya Simanjiro), na huku kwetu, ambako vumbi la kiangazi huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, swali hilo limekwisha kubisha hodi.

Sababu yake ni karatasi. Mtazame kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fomu huijaza kwenye mtandao. Kisha huichapa, akaisaini yeye na mdhamini wake, akaigongesha mihuri inayotakiwa, halafu kurasa zilizosainiwa huziskani na kuzirudisha kule kule mtandaoni. Cheti chake cha kuzaliwa nacho sharti kihakikiwe na RITA. Karatasi ile ile hutoka mashinini na kurudi mashinini, na siku za mwisho hazimngoji mtu.

Basi muuzaji atakwambia: chukua mashine ya pamoja. Na hoja zake si za kupuuza. Bei yake aghalabu huwa chini kuliko ya vyombo viwili vikijumlishwa. Inakaa mahali padogo, inatumia waya mmoja wa umeme, na inatoa kopi papo hapo bila ya kuwasha kompyuta. Kwa nyumba ya vyumba viwili hiyo si faida ndogo.

Lakini wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Mashine ya pamoja ikiharibika upande wa kuchapa, fundi huichukua yote, na skana nzima huenda nayo. Tena ziko mashine zilizokataa hata kuskani kwa sababu tu wino umekwisha, ingawa kuskani hakuhitaji hata tone moja la wino. Mwaka 2021 huko Marekani kampuni ya Canon ilishtakiwa mahakamani na mteja wake kwa jambo hilo hilo. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji: wino ukiisha, je, itaskani? Asikujibu kwa maneno, akuonyeshe.

Wino nao una mambo yake. Printa ya wino wa maji hupuliza matone kupitia vitundu vidogo sana. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino hukauka na kuviziba. Printa ya leza hutumia unga mkavu usioganda, ila unga huo hushikishwa kwenye karatasi kwa joto, na wakati wa kupasha moto mashine huvuta umeme wa mamia ya wati. Anayetegemea sola ndogo afikiri mara mbili. Zipo pia printa za matangi, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010: bei yake ya kununulia ni kubwa, lakini wino hujazwa kutoka kwenye chupa, na gharama ya kila ukurasa hushuka sana. Ile ya bei ndogo yenye vikasha vidogo vya wino ndiyo wahenga waliyoisema: rahisi huvunja upishi.

Nyumbani kwetu jambo hili lilitufikisha kwenye baraza la familia, na kilicholeta baraza hilo si fomu ya mkopo, bali sanduku la bati la mama mkwe wangu. Ndani yake mna karatasi ya mauziano ya shamba, iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na wazee ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Mikunjo imeanza kuchanika na wino umefifia. Jiji linakuja mbio upande wetu. Palipokuwa malisho leo pana vigingi vya viwanja, na karatasi hiyo ndiyo ulimi wa marehemu mume wake. Wajukuu walitaka ipelekwe steshenari ya mjini ikaskaniwe. Koko, kama wanavyomwita, alikataa. “Karatasi hii haipandi daladala,” alisema. “Ikibaki kwa mtu mwingine, tutabaki na nini?”

Vijana walicheka, mimi sikucheka. Katika duka moja, ambalo sina haja ya kulitaja, nimewahi kuona kwenye kioo cha kompyuta vyeti na vitambulisho vya watu nisiowajua, vimeachwa wazi kwa kila mteja aliyesimama pale. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Lakini sheria haiwezi kukaa nyuma ya kila meza ya steshenari. Mwenye karatasi ndiye mlinzi wake wa kwanza.

Maneno ya Koko yalitufunulia kuwa kuchapa na kuskani, ingawa huuzwa pamoja, si mahitaji ya namna moja. Kilichohitaji kufanyika ndani ya nyumba yetu kilikuwa ni kuskani: karatasi za shamba, vyeti, kadi za kliniki, picha za marehemu. Kuchapa kulikuwa kwa fomu zisizo na siri, kurasa chache kwa mwezi, ambazo steshenari ya jirani huzichapa vizuri. Tukanunua skana peke yake, ile bapa ya kioo inayopata umeme kwa waya wa kompyuta, na printa tukaiacha dukani. Ile karatasi iliskaniwa juu ya meza yetu, mwenyewe akiwa amekaa pembeni akiitazama, kisha ikarudi sandukuni.

Sisemi, ndugu msomaji, kuwa kila nyumba ifanye hivyo. Mwalimu anayechapa mazoezi ya wanafunzi kila wiki, au mama anayetayarisha ankara za biashara yake, atafaidika na mashine ya pamoja yenye matangi. Mwenye simu nzuri na fomu moja kwa mwaka hahitaji kununua chochote. Kamera ya simu humtosha, mradi apige picha mahali penye mwanga wa kutosha. Chukua daftari, andika kwa miezi mitatu kurasa ulizochapa na ulizoskani, kisha weka alama kwenye zile ambazo usingependa mtu baki azione. Daftari hilo litakushauri kuliko muuzaji.

Na ukishakuwa na skana, itumie kwa adabu. Karatasi kuukuu iweke juu ya kioo, usiipitishe kwenye magurudumu ya kuvutia karatasi, yatairarua. Maandishi ya kawaida yanatosha nukta 300 kwa inchi. Yaliyofifia na picha za zamani yape 600. Hifadhi nakala mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbalimbali. Funika chombo kwa kitambaa, maana vumbi likitua juu ya kioo litaacha madoa kwenye kila ukurasa. Wala usisahau kuwa nakala haichukui nafasi ya karatasi yenyewe; siku ya shauri, baraza laweza kutaka kuiona ile ya asili. Nakala ni ushahidi kwamba ilikuwapo, na ni kinga dhidi ya moto, mchwa na mvua. Karatasi yenyewe iendelee kulala sandukuni, na ufunguo ukae kwa mwenyewe.