Nta Safi na Jina Safi

Kazi za mikono hazikosekani katika nchi yetu ya Aru. Wako wafinyanzi, wako wasusi wa vikapu, wako maseremala na washonaji wa nguo, na wahunzi wafuao majembe. Lakini ukienda sokoni kuuliza ni nani atengenezaye mishumaa, utaonyeshwa pakiti zilizovuka mpaka katika malori. Na huku asali yetu husifiwa hata Bunia, nta yake hutupwa nyuma ya jiko, ikaliwa na mchwa na mvua.

Leo nataka kuwaeleza kazi tunayoifanya nyumbani kwetu, mke wangu na mimi, yaani kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki. Nitasema jinsi inavyofanywa na jinsi inavyohesabiwa. Zaidi ya hayo nitasema jambo moja ambalo kazi hii imetuonyesha wazi: mshumaa huuzwa kwa kuaminiwa, kwa sababu anunuaye hawezi kuona kilichomo ndani yake.

Ufundi wenyewe niliupata katika seminari ndogo, ambako nilipewa kazi ya sakristia. Tulikwangua matone ya altareni, tukakusanya vipande vilivyobaki, tukaviyeyusha tena. Baadaye niliacha njia ya upadre nikawa mwalimu. Mwaka 2019, masomo ya shule za msingi yalipotangazwa kuwa ya bure nchini mwetu, wazazi walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini walimu wengi walikuwa wakiishi kwa michango ya wazazi hao, na majina yao yalikuwa bado kuandikwa katika orodha ya mishahara. Mimi nilikuwa mmojawapo. Watoto watatu walikuwa wakila, na mfuko ulikuwa mtupu. Ndipo mke wangu aliponiambia, "Baba watoto, ule ufundi wa seminari unaotusimulia kila Krismasi, unangoja nini?"

Basi tulianza na nta. Wafugaji wa nyuki wa Kilugbara hutundika mizinga yao mitini, nao wakirina, hukamua asali na kuyatupa masega. Tuliwaomba watuuzie masega hayo. Wengine walicheka, wakidhani mwalimu amechanganyikiwa kwa njaa. Lakini fikirini, wanafunzi, ni mali gani waliyokuwa wakiitupa. Nyuki mtenda kazi hutoa nta katika tezi zilizo chini ya tumbo lake, vigamba vidogo vyembamba kama magamba ya dagaa. Wataalamu wa nyuki husema ya kuwa ili kupata kilo 1 ya nta, nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali, au hata zaidi. Hivyo atupaye nta ametupa asali aliyokwisha kuila nyuki.

Masega huvunjwavunjwa, yakalowekwa, yakatiwa katika mfuko wa kitambaa pamoja na jiwe la kuuzamisha, yakachemshwa polepole katika maji. Maji ya mvua ndiyo bora. Nta hupenya kitambaa na kuelea juu, na takataka hubaki mfukoni. Ukiacha chombo kipoe usiku kucha bila kukigusa, asubuhi utakuta juu ya maji mkate wa nta wa rangi ya manjano. Uinue, ukwangue mashapo yaliyoshika chini yake, kisha uyeyushe na kuchuja mara ya pili.

Hapa ndipo penye hatari, nami nawasihi akina mama wasikie vizuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, lakini ikipata moto mkali peke yake huweza kushika moto. Kwa hiyo usiiweke sufuria ya nta juu ya moto wenyewe. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na maji ndiyo yaguswe na moto. Nta ikiwaka, usimwage maji kamwe, maana miali itaruka mpaka darini. Ifunike kwa kifuniko, moto utakosa hewa na kufa. Na watoto wakae mbali na jiko siku hiyo.

Utambi ni uzi wa pamba uliosokotwa au kusukwa nyuzi tatu, ukalowekwa kwanza katika nta. Utambi mnene mno hutoa moshi. Utambi mwembamba mno huzama katika nta na kuzimika. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha unene ulio sawa; washa mshumaa mmoja, ukae nao, uutazame mpaka uishe. Mke wangu huchovya tambi kumi kwa pamoja, zimefungwa kwenye fito. Huchovya, huacha zipoe, huchovya tena, mara ishirini au thelathini, mpaka unene upatikane. Kwa mishumaa iliyonyoka sana tulikuwa tukitumia mabua ya majani ya mpapai, ambayo yana uwazi ndani kama bomba. Hayo ni kalibu asiyoihitaji mtu kuinunua.

Sasa nije kwenye hesabu, maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Aru tunatumia faranga za Kongo, tena shilingi za Uganda kwa wingi kwa sababu ya jirani zetu wa Arua, na mara nyingine dola. Mwenye kuandika leo kwa faranga na kesho kwa shilingi hataijua faida yake milele. Sisi tulichagua shilingi, tukaandika yote kwa shilingi.

Natoa mfano tu, si bei ya soko. Tuseme kilo 1 ya nta imenunuliwa kwa shilingi 20,000. Uzi, kuni na nauli ni shilingi 4,000. Kilo hiyo ingetoa mishumaa 20 ya gramu 50, lakini kwa sababu ya matone yanayopotea tuseme 19. Ukiuza kila mmoja kwa shilingi 1,500 utapata 28,500. Mama mwingine atasema, "Nimetoa 24,000, nimepata 28,500, faida yangu 4,500!" Lakini je, mikono yake? Alisimama jikoni nusu ya siku. Kama nguvu zake hizo zingelipwa shilingi 6,000 katika shamba la mtu, gharama za kweli ni 30,000, na kumbe amepata hasara ya 1,500. Akiuza kwa 2,000, atapata 38,000, na hapo faida ya kweli ni 8,000. Wake zetu wengi hufanya biashara kwa miaka bila kujilipa hata senti, na sisi waume twawasifu kwa bei zao rahisi. Sifa hizo hazina haki ndani yake. Kazi ya mama ni kazi.

Lakini sasa msomaji ataniuliza: nani atanunua mshumaa wa 2,000, na wa dukani upo kwa bei ya chini? Swali hilo ndilo moyo wa habari yangu.

Mishumaa mingi ya dukani hufanywa kwa parafini, nta itokayo katika mafuta ya ardhini, ambayo ilienea ulimwenguni tangu miaka ya 1850. Kabla ya hapo, katika Ulaya, maskini waliwasha mishumaa ya mafuta ya wanyama yenye kunuka, na nta ya nyuki ilikuwa ya makanisa na ya matajiri. Parafini si kitu kibaya. Iliwapa wengi mwanga kwa bei nafuu. Lakini Kanisa limeipenda nta ya nyuki tangu kale, na wimbo wa sifa wa usiku wa Pasaka huitaja kazi ya nyuki. Mwaka 1904 Roma iliagiza mshumaa wa Pasaka na mishumaa miwili ya Misa iwe kwa sehemu kubwa ya nta ya nyuki. Na barua ya mwaka 1988 juu ya sherehe za Pasaka ilisema mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, tena mpya kila mwaka. Basi wako watu wanaotaka mshumaa wa nta kwa ubatizo wa mtoto wao, kwa tarehe 2 Februari, kwa Pasaka, kwa makaburi ya wazee wao tarehe 2 Novemba. Hao hawatafuti mwanga tu, maana siku hizi taa za jua zimeingia hata vijijini. Wanatafuta kitu cha kweli cha kumtolea Mungu, nao hulipa bei yake.

Katika Kwaresima moja alitujia mfanyabiashara, ambaye sina haja ya kumtaja. Alitaka mishumaa 500 kabla ya Pasaka. Hatukuwa tumepata kuona oda kama hiyo. Mke wangu alianza kuhesabu nta iliyopo, naye akamkatiza: "Usisumbuke, Mama Mwalimu. Tia nusu parafini. Rangi itakuwa ya manjano vilevile, harufu itabaki. Mimi nitaandika 'nta safi ya nyuki'. Nani atajua?"

Fedha hizo zingetosha kununua mabati ya jiko kabla ya mvua, na mvua ilikuwa mlangoni. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi, alisema kwa upole kwamba watoto hawali jina. Neno lake halikuwa la kijinga. Yeye ndiye aliyekuwa akipika chini ya nyasi zinazovuja. Tuliomba nafasi ya kufikiri, na usiku ule tulizungumza mpaka jogoo la kwanza.

Asubuhi mke wangu alimjibu yule mtu hivi: "Kaka, parafini si dhambi. Nitakuchanganyia. Lakini mishumaa hiyo nitaifunga kwa uzi mwekundu, na kila anunuaye ataambiwa ni mchanganyiko, na bei itashuka."

Yule mtu alicheka. "Mama, mchanganyiko ninaupata dukani. Mimi nimekuja kununua jina lako." Akaondoka.

Nimelitafakari neno lile mara nyingi kuliko mahubiri mengi. Alisema kweli kabisa. Alichotaka hakikuwa nta, wala uzi, wala jasho letu. Alitaka ile imani ambayo watu walikuwa wameiweka kwetu, apate kuitumia kama mtu atumiavyo koti la kuazima. Na imani hiyo haikuwa mali yetu ya kuuza. Ilikuwa amana ya watu iliyo mikononi mwetu.

Sisemi ya kwamba kesho yake mbingu zilifunguka. Mishumaa tuliyouza Pasaka ile ilikuwa michache, na jiko lilivuja msimu mzima. Mabati tuliyapata mwaka uliofuata, moja moja. Lakini uzi mwekundu ulibaki. Hata leo katika meza yetu kuna mishumaa ya aina mbili, ya nta tupu kwa uzi mweupe, na ya mchanganyiko kwa uzi mwekundu kwa bei ya chini, na mwenye mfuko mdogo hununua mwekundu bila kudanganywa wala kuaibishwa.

Nanyi wasomaji, msitegemee neno la muuzaji tu, hata likiwa langu. Nta safi ya nyuki ikikaa muda mrefu hutoa juu yake unga mweupe, ambao wengi hudhani ni ukungu. Ufute kwa kitambaa nao utang'aa. Kuna na jaribio ambalo wanafunzi wangu hulipenda sana. Parafini ni nyepesi kuliko nta ya nyuki, na zote mbili huelea majini. Chukua gilasi ya pombe kali ya kienyeji, ile lotoko inayovunja nyumba za watu, utie ndani kipande cha nta unachokijua kuwa safi. Kikizama hadi chini, ongeza maji kidogo kidogo, ukiishia pale ambapo bado kinazama, lakini polepole. Kisha tia kipande cha mshumaa unaoushuku. Kikielea, ndani yake mna kitu chepesi, na yaelekea ni parafini. Ndiyo mara pekee niliyopata kuiona lotoko ikimsaidia mtu kusema kweli bila kumpotosha.

Kwa anayetaka kuanza kazi hii, haihitaji mtaji mkubwa: sufuria mbili, kitambaa, uzi wa pamba, daftari moja, na urafiki na wafugaji wa nyuki. Aanze na kilo moja. Awalipe wafugaji bei ya haki, maana wakisikia nta ina thamani wataacha kuitupa, na pengine wataacha pia kuiunguza mizinga na nyuki wake. Ahesabu kazi ya mikono yake. Na kabla ya kuwasha moto wa kwanza, yeye na wa nyumbani mwake waafikiane watamjibu nini mtu atakayekuja kununua jina lao. Maana atakuja, na ni vigumu kulitafuta jibu usiku mmoja, mvua ikiwa mlangoni.