Viota vya Kiwengwa

Maji ya Kiwengwa yakipwa, ufuko hugeuka karamu. Sululu huchoma mchanga kwa mdomo wake uliopinda, yangeyange hunyemelea samaki vidimbwini, na wanawake wa mwani hupita kati yao pasipo kutishana. Ndani, katika msitu wa Kiwengwa-Pongwe uliomea juu ya jiwe la matumbawe, kima punju hula majani machanga. Asili yake ni Unguja tu, ulimwengu mzima.

Lakini atakaye kuona malezi ya ndege na atazame minazi ya kijiji, mnana anapofuma kiota chake kwenye makuti. Adui wake mkubwa si mwewe. Ni kunguru, aliyeletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mjini. Taka alizila, mayai na makinda akayapenda zaidi. Mji ulitafuta mfagizi, ukajipatia mwizi! Katika miaka ya 1990 alipigwa vita akapungua sana. Vita vilipolegea akarejea, na majalala ya mahoteli yakamkirimu.

Mnana arukapo kutafuta wadudu, kunguru hutua kuti la pili, akangoja.