Ufa Usiozibika kwa Pamba

Wahenga wa pwani waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakiitazama nyumba ya mawe na udongo, au pengine jahazi lililolazwa ufukoni likingojea kalafati. Hawakuwa wakiitazama injini. Hayo yalimdhihirikia dereva mmoja, mzaliwa wa Wete, katika gereji ya uwanjani pale Omurushaka, wilayani Karagwe, asubuhi moja ambayo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba.

Dereva huyo alikuwa ameizoea bara. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiendesha gari refu la petroli, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, akichukua abiria na mizigo kutoka Kayanga, kupitia Nkwenda, hadi Murongo, ambako Mto Kagera unaitenga Tanzania na Uganda. Nkwenda na Murongo zimo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lakini mpaka wa wilaya haujui vumbi wala tope: vilima ni vilevile, kahawa ni ileile, na mashimo ya barabara za udongo hayaulizi gari limetoka upande gani.

Kwa wiki mbili alikuwa akisikia mlio. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ulisikika waziwazi: tik, tik, tik, ukifuata mapigo ya injini na kuongeza kasi kila alipokanyaga mafuta. Injini ikishapata moto mlio ulififia hata ukakaribia kutoweka. Akajiaminisha kuwa kitu kinachojiponya chenyewe hakihitaji mganga. Alinunua kopo la gundi ya chuma, akapaka pale alipoona masizi meusi, akaendelea na safari.

Siku ya tatu baada ya kupaka, mama mmoja aliyeketi nyuma ya dereva na mtoto mgongoni alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Mvua ilikuwa ikinyesha na vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Mtoto akatapika. Dereva akasema, "Ni kona hizi, mama, poleni," akafungua kioo chake kidogo. Wote walishuka salama. Lakini yeye alijua kwamba aliyoyasema hayakuwa kweli, na usiku ule usingizi ulimkimbia.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama mbele ya fundi mzee wa Omurushaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpwani leo umekuja na mlio gani?"

Fundi hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akaagiza injini iwashwe ingali baridi, akainama, akasikiliza. Kisha akaanza kufungua manifodi ya ekzosi, yaani kile kipande kizito chenye matawi, kinachopokea moshi wa kila silinda na kuukusanya katika bomba moja. Kilipotoka alikining'iniza kwa waya, akakigonga kwa nyundo ndogo, kama mwanamke wa Pemba anavyokigonga chungu sokoni kabla ya kutoa pesa yake. Chuma kizima hulia. Hiki kilijibu kwa sauti ya kukwama, kama mtu mwenye kohozi kifuani. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukipita baina ya tawi la tatu na la nne.

Dereva, ambaye baba yake alikuwa fundi wa vyombo, alisema lile alilolijua tangu utotoni: si uzibwe tu? Jahazi linavuja, na pamba iliyoloweshwa mafuta hupigwa kwa tindo baina ya mbao, na bahari haiingii tena.

Fundi akacheka kwa upole. "Mbao zikinywa maji huvimba, zikaibana pamba yako. Maji yanakusaidia. Chuma hiki hakinywi maji, kinakula moto. Kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kila mara kinatema ulichokiziba. Ule mlio ulipokuwa ukinyamaza, ufa ulikuwa umejifumba tu. Haukupona."

Kisha akamweleza lililo zito zaidi. Moshi unaovuja pale, kabla haujafika kwenye bomba la nyuma, hubeba monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikipenya kwenye matundu ya nyaya na kuingia ndani ya gari lililofungwa vioo, huishika damu mahali ambapo ingeishika hewa safi. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu; humaliza kwa usingizi. Dereva hakusema neno. Alikuwa akimfikiria mtoto wa yule mama.

Si kila chuma hupasuka hivi, na nchi ile ya Karagwe inalijua hilo zamani. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za kale za magharibi ya Ziwa Victoria, ambamo mababu wa eneo hilo walizalisha chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika karne ya 19, ikulu ya wafalme wa Karagwe huko Bweranyange ilihifadhi ng'ombe wadogo wa chuma, mikuki na nyundo, alama za enzi. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani, ambao kituo chao kilikuwa Kafuro. Yule Mpemba hakuwa mgeni wa kwanza kuifuata njia hiyo.

Lakini chuma cha wahunzi wale kilitoka tanuruni kikiwa donge, kikafuliwa kwa nyundo, na chuma cha kufua kikielemewa hupinda kabla ya kuvunjika. Manifodi ni chuma cha kusubu: kimeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na ndani yake mna kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Huvumilia moto unaopita nyuzi 700, lakini hakijui kupinda. Kikielemewa, hupasuka.

Na kilikuwa kimeelemewa na nini? Fundi alilala chini ya gari, akatoka na jibu: kishikio cha bomba la ekzosi kilikuwa kimekatika kitambo kwa mitikisiko ya barabara, na uzito wote wa bomba ulikuwa ukining'inia kwenye manifodi.

Kazi ilianza kwa jambo lililomshangaza dereva: fundi aliukuza ufa. Alitoboa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee kutambaa, kisha akauchimba ukawa mfereji. Akakipasha chuma moto wa mkaa, akakichomelea kwa vijiti vya nikeli, vipande vifupi vifupi, akikigonga taratibu baada ya kila kipande. Mwisho akakifukia katika jivu kavu kipoe polepole mpaka kesho yake.

Kesho yake alikigonga tena. Sauti ilikuwa bado ya kukwama. Pembeni mwa weko jipya, mstari mwingine mwembamba ulikuwa umezaliwa.

"Naweza kukifunga," fundi alisema, "ukafika Murongo, ukarudi. Labda mara kumi. Abiria hawatajua."

Dereva alijua kwamba kila siku gari likilala ni siku ambayo mwenye gari hapokei hesabu, naye hapati ujira. Alimpigia simu mwenye gari, akasikiliza maneno makali kwa muda mrefu, akajibu kwa adabu kwamba hataliendesha hivyo. Manifodi nyingine, iliyotumika lakini nzima, iliagizwa Mwanza. Ikafika kwa basi baada ya siku tatu. Fundi aliigonga, ikalia. Akafunga gasketi mpya, akakaza bolti kuanzia katikati kuelekea pembeni, akatengeneza kishikio kipya, akawasha injini mpaka ikapata moto, akaizima ipoe, akakaza tena.

Asubuhi ya safari injini ilikuwa baridi. Wote wawili waliinama juu yake, hawasemi. Hapakuwa na mlio ila wa injini yenyewe.

Wiki ile yule mama alipanda tena pale Nkwenda, mtoto mgongoni. Aliketi karibu na kioo, akakifungua. Dereva alimsalimia, kisha akamwambia kwamba siku ile hazikuwa kona. Mama alimtazama kitambo katika kioo cha mbele, asijibu. Walipofika Murongo mtoto alikuwa amelala, na kabla ya kushuka mama alimwamsha, akangoja mpaka amefumbua macho.