Kengele ya Peramiho

Ndugu msomaji, safari ya Peramiho haitaki haraka. Ukipanda basi alfajiri pale Mbezi, Dar es Salaam, utaipita Morogoro, utavuka hifadhi ya Mikumi huku abiria wakiinuka vitini kutazama twiga, utaukwea mlima Kitonga kwa mwendo wa kinyonga, kisha Iringa, Mafinga na Makambako. Hapo basi huiacha barabara ya Mbeya, likashika njia ya kusini kupitia Njombe yenye baridi kali. Ukishuka Songea miguu imevimba na jua limekwisha kutua. Kutoka hapo hadi Peramiho ni kama kilomita 25 tu, upande wa Mbinga.

Mimi sikwenda kutalii. Nilikwenda kumwuguza shangazi yangu aliyelazwa katika hospitali ya Misheni. Na kusema kweli, nilifurahi kupata sababu ya kuondoka mjini. Kazi yangu ni kutunza bohari ya zana katika karakana moja. Mafundi huja dirishani kuazima spana, tupa na drili, nami huandika katika leja. Jioni hurudisha, nami huandika tena. Miaka kumi na tisa. Huenda nawe, msomaji, unayo kazi ya namna hiyo, kazi ambayo mtoto akikuuliza unafanya nini, unamjibu kwa kifupi ili asiulize zaidi.

Jambo la kwanza utakaloliona Peramiho ni kanisa la matofali lenye minara miwili, lililojengwa kati ya mwaka 1943 na 1948. Kulizunguka utakuta hospitali, shule, kiwanda cha kuchapa vitabu, karakana na mashamba. Wamonaki Wabenedikto walifika hapa mwaka 1898, na mwaka 1931 misheni ikapandishwa daraja kuwa abasia. Lakini usidhani kwamba historia ya mahali hapa ni ya sala na amani tupu. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni hii ilichomwa moto, na mwanzilishi wake, Askofu Cassian Spiss, aliuawa akiwa safarini. Wakoloni wa Kijerumani nao, tarehe 27 Februari 1906, waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, mahali ambapo leo pana makumbusho. Yapasa mgeni apite huko kwanza, ndipo aje kuyastaajabia matofali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, shangazi akiwa amelala, niliingia karakana ya useremala nikamkuta bruda mmoja mzee akipiga randa ubao wa mninga.

“Tumsifu Yesu Kristo,” nikamwamkia.

“Milele na milele, amina. Ufagio ule pale, mwanangu.”

Nikafagia maranda. Hatukuzungumza sana. Kisha kengele ikalia. Mzee hakumalizia hata pigo moja. Aliilaza randa kwa ubavu, makali yake yasiguse meza, akajipangusa vumbi, akaenda kanisani kwa wenzake. Ubao ukabaki nusu laini, nusu wenye manyuzi. Nami nikabaki na ufagio mkononi, nikiwaza jinsi sisi wa mjini tunavyoiacha kazi king’ora kinapolia: kwa kuitupa, kama mtu aliyetua mzigo wa mwingine.

Aliporudi nilimwuliza juu ya maneno yale mashuhuri ya Wabenedikto, “Sala na kazi.” Akacheka. Maneno hayo, alisema, hata hayamo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Watu waliyatunga baadaye. Yaliyomo ni mambo ya kila siku, tena madogo madogo. Benedikto aliiandika Kanuni hiyo huko Italia katika karne ya 6, wakati ambapo wakubwa wengi wa Roma waliiona kazi ya mikono kuwa ya watumwa. Yeye akaagiza kila mmonaki afanye kazi kwa saa zake, kwa kuwa uvivu huidhuru roho. Fundi anayejivunia ufundi wake, akidhani abasia inaishi kwa ajili yake, aondolewe katika kazi hiyo mpaka anyenyekee. Na bidhaa ziuzwe kwa bei iliyo chini kidogo kuliko ya watu wa nje. (Natamani ukurasa huo ubandikwe katika baadhi ya maduka ya mtaani kwetu.)

Nawe mama, unayesoma haya huku ukiyasubiri maharage yaive, sikia na hili: jikoni huingia wote kwa zamu ya juma. Siku ya Jumamosi anayemaliza zamu hufua vitambaa, kisha yeye na anayeingia huwaosha wenzao miguu. Bwana Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu usiku wa Karamu ya Mwisho. Benedikto alikipeleka kitendo hicho jikoni, penye masufuria.

Lakini neno lililonichoma lilikuwa jingine. Kanuni inaagiza kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altareni. Zana ziandikwe zinapotolewa, na zinaporudishwa zihesabiwe. Jioni nilimwona mzee akizihesabu patasi kwa kuzigusa moja moja.

“Ikikosekana moja?” nikauliza.

“Naitafuta.”

“Usipoiona?”

“Naandika kwamba imepotea mikononi mwangu. Si mimi niliyeipokea?”

Msomaji, sikulala usiku ule. Miezi miwili kabla ya safari, drili moja ilikosekana bohari kwetu. Leja ilionyesha kwamba kijana mmoja fundi aliiazima na hakuirudisha, naye akaanza kukatwa mshahara. Kijana aliapa kwamba aliirudisha. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ninalolijua mimi ni kwamba juma lile lote nilitia sahihi za jioni bila kuhesabu, maana nilikuwa nikiwahi basi. Leja ile haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Nilinyamaza, nikijiambia kwamba mtu mdogo wa bohari hana sauti mbele ya ofisi. Kumbe sauti nilikuwa nayo, tena imeandikwa kwa wino, nayo ilikuwa ikimkata mwenzangu mshahara.

Shangazi aliruhusiwa siku ya tisa. Nilimwaga bruda, alikuwa amekwisha kuumaliza ubao ule wa mninga. Ulikuwa wa kitanda cha hospitali.

Jumatatu niliyorudi kazini nilihesabu zana zote kabla ya kufungua dirisha. Kisha nikaichukua leja, nikaenda kwa msimamizi, nikamweleza. Alinitazama kitambo, akauliza kama ninajua maana ya ninayoyasema. Nikamjibu kwamba najua. Kijana alirudishiwa fedha zake, na makato yakahamia kwangu. Hakunishukuru, wala sikutazamia shukrani. Alikuja dirishani akaomba tupa, akatia sahihi, nami nikazihesabu zilizobaki.