Friji ya Mama



Kila tukutanapo arusini au matangani huniuliza, vipi tunamtazama Bi Mkubwa naye yuko peke yake Tiwi, na sisi watoto wawili tuko Maskati na mmoja yuko Uingereza. Mhariri kaniambia niandike mara moja nisirudierudie. Basi naandika, na kosa langu ndani yake, maana nachelea kosa lenyewe limo katika nyumba zenu nyingi.

Tiwi mnaijua, baina ya Wadi Shab na Wadi Tiwi, bahari mbele na jabali nyuma. Marehemu baba alituleta kutoka Unguja katika miaka ya sabini, akajenga kwenye kiwanja cha babu yake. Alipofariki tulimbembeleza mama aje Maskati. Alikataa. "Mimi nimeshahama mara moja," alisema, "basi." Na umri wake umepita miaka 80, na sukari anayo.

Mwaka 2019 nilinunua kamera ndogo Ruwi, rahisi, nikaitundika uwani inaelekea jikoni. Mama nilimwambia ni ya wezi. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona yeye. Nikawa nafungua simu yangu kazini, namwona anachambua mchele, moyo unatua. Sikufikiri kwamba uwani ndipo mwanamke anapokaa kichwa wazi, na ndipo majirani wanapokuja kusukwa nywele na kupakwa hina.

Idi ikaja, na mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaja kututazama. Akauliza, "Mjomba, neno la siri la hii kamera ni lipi?" Nikamwambia ni lile lile lililokuja katika boksi. Kijana akanyamaza kwanza. Halafu akanieleza habari ya programu iitwayo Mirai, ya mwaka 2016, iliyokuwa ikizunguka katika intaneti ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, kiasi cha sitini hivi tu, na kwa hayo ikateka kamera na ruta kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule jeshi la vyombo hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa. Disemba 2017 vijana watatu walikiri mahakamani kwamba wao ndio walioitunga.

Kisha akafungua ruta yetu. Ruta nyingi zina tabia iitwayo UPnP: chombo cha ndani kikiomba kifunguliwe mlango wa nje, hufunguliwa bila ya kuulizwa mwenye nyumba. Kamera ilikuwa imeshaomba, na imeshapewa. Mtu yeyote duniani angeweza kuuona uwa wetu. Kama yupo aliyeuona, hatukujua, na mpaka leo hatujui.

Ilinibidi nimwambie mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na jirani yangu, aliyekuwa akija kunisuka, na yeye kaonekana?" Sikuwa na jawabu. Kamera tulikwisha kuichomoa, lakini aliinuka akachukua kanga yake akaifunika vile vile.

Basi tulianza upya. Tulinunua Raspberry Pi, kompyuta isiyozidi pakti ya karata, tukaipa programu ya bure iitwayo Home Assistant, aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Uzuri wake ni kwamba kazi yote hufanyika humo humo nyumbani, wala haipeleki mambo yenu kwa kampuni ya ng'ambo. Kwenye mlango wa friji tukabandika kidude cha vipande viwili, kimoja kina sumaku. Vikiachana, kompyuta hujua mlango umefunguliwa. Kwa nini friji? Kwa sababu insulini ya mama imo ndani, na kila asubuhi lazima aifungue. Ikifika saa moja asubuhi na friji haijafunguliwa tangu saa kumi na moja alfajiri, sote watatu tunapata barua pepe. Hatumwoni. Tunajua tu kaamka.

Kompyuta hii hutoa habari nje lakini haimfungulii mtu mlango. Ile UPnP tuliizima. Kila chombo kina neno lake la siri, refu, nayo yote yameandikwa katika daftari lililomo sandukuni mwa mama. Wapo watakaocheka, lakini mwizi wa intaneti hafiki sandukuni. Programu za ruta zikitoka mpya, mpwa huzitia. Na betri ya akiba iwekeni, umeme ukikatika kompyuta isizime.

Picha pia tumezitia humo, na sauti ya mama akihadithia. Juni 2007, kimbunga cha Gonu kilipopita, maji ya wadi yaliingia nyumbani yakaliloweka sanduku la picha za Unguja; zilizopona ni kumi na moja. Kwa hivyo nakala yake ninayo Maskati, katika diski ninayoichomeka kila Idi kisha nikaichomoa. Wapo wahalifu wanaofunga mafaili ya watu na kudai fedha, nao hufunga kila kilichochomekwa.

Mwaka jana, asubuhi moja, barua ilikuja. Nikapiga simu ya mama, hapokei. Ya jirani, hapokei. Niliendesha gari huku mikono inatetemeka. Nilipofika Quriyat simu ikalia, mama mwenyewe. Kulikuwa na msiba Mibam, juu huko wadini. Wao walikwenda mapema, dawa aliitoa kwenye friji saa kumi, na simu waliziacha nyumbani.

"Sasa mwanangu," alisema, "nikitaka kwenda kuzika, niombe ruhusa kwa friji?"

Tukaongeza kitufe karibu na mlango wa nje. Akitoka hukibonyeza, nasi tunaandikiwa kwamba mama katoka. Siku nyengine hukibonyeza mara tatu kwa mpigo. Nilimwuliza maana yake, akasema anatusalimia.