Tabaka la Chini Haliguswi

Yeoville, Johannesburg, Jumatatu, 6 Februari 2023

Umeme umerudi saa nne asubuhi, kompyuta zote za duka letu la uchapaji la Rockey Street zimewaka vizuri. Mashine zote zinasoma tabaka moja la chini la mafaili, lisiloandikika. Anachobadilisha mteja kinakwenda tabaka la juu, na OverlayFS, mfumo wa faili wa Linux, inayaunganisha matabaka hayo yaonekane kama folda moja. Tukilifuta la juu, mashine inakuwa mpya.

Skrini ya kaunta, hata hivyo, imeganda kwenye mauzo ya jana, siku tuliyotengeneza tabaka jipya la chini. Ukilifungua daftari la mauzo, ya leo yamo yote. Dirisha la tail, amri inayoonyesha mistari mipya ya faili, ndilo halisogei.

Nimekipata chanzo. Tail ililifungua daftari kwa kusoma tu, likiwa bado chini. Mauzo ya kwanza ya leo yalipoandikwa, OverlayFS ililinakili faili zima juu, na kila mstari mpya ukaingia kwenye nakala. Tail bado imeshikilia lile la chini. Jina ni moja, mafaili ni mawili! Kwenye ext4 tupu, mfumo wa faili wa kawaida usio na matabaka, tail ingeiona mistari hiyo. Sasa mashine ikiwaka, amri ya touch inaligusa daftari kwanza ili lipande juu, ndipo tail ilifungue.

Jumatano, 8 Februari

Mwenzangu wa Bukavu ameleta fomu mpya ya barua za maombi. "Kaka, niiweke tu huko chini, mashine zote ziipate mara moja."

Nimemzuia. Maelezo ya keneli ya Linux yanakataza kabisa kubadilisha tabaka la chini likiwa limeunganishwa: matokeo hayatabiriki, ingawa mfumo hautaanguka. Hilo la kutoanguka ndilo linaloniogopesha. Mfumo ukianguka kila mtu anajua. Huu ungeendelea kuchapa: mashine ambayo mteja aliihariri fomu ndani yake ingebaki na nakala yake ya juu, haitaiona mpya kamwe, nyingine ingetoa mpya, na mama wa watu angeipeleka ofisini barua ya zamani akidhani iko sawa. Watu wa hapa karatasi ndiyo maisha yao.

Tumesubiri kufunga. Tumetengeneza folda nyingine yenye tarehe kwenye jina, tukaziwasha mashine upya juu yake, za wateja zikiwa na tabaka la juu tupu. Ya zamani haijaguswa.

Alhamisi, 9 Februari

Usiku huu Rais Ramaphosa ametangaza hali ya maafa ya kitaifa kwa sababu ya umeme. Sisi mgao wa umeme umekwishatufundisha.

Umeme ukikatika ghafla, kunakili kwenyewe hakunitishi sana. Nakala hukamilishwa kwanza kwenye folda ya kazi, kisha hubadilishwa jina na kuingia juu kwa mpigo mmoja. Hatari iko kwa yanayoandikwa baadaye, maana husubiri kwenye kumbukumbu mpaka yashushwe diskini.

Mwenzangu anataka chaguo la volatile, lililokuja na Linux 5.10, kwa sababu linaruka amri zote za sync, yaani za kulazimisha data ya tabaka la juu ishuke diskini, na mashine zinakuwa nyepesi. Kwa mashine za wateja nimekubali: zikizimika ghafla, OverlayFS itagoma kulitumia tena tabaka lile la juu, nasi tutaanza na jipya. Kaunta, hapana. Daftari la mauzo na karatasi wanazoskani wateja nimezitoa kwenye matabaka kabisa, ziko kwenye ext4 ya peke yake.

Jioni Mama wa Uvira alikuwa ameshaishika flashi yake.

"Niichomoe, baba?"

"Subiri kidogo, Mama."

Sync ikamaliza, nikaifungua skani ya kibali chake kwenye mashine nyingine, ukurasa kwa ukurasa, ndipo akaondoka nayo.